Mkataba wa Posa Saba

Anuar Mabrouk alikwenda Tunguu kwa ajili ya biriani. Jambo hili lisemwe mapema, kwa sababu baadaye alizoea kuwaambia watu kwamba alikwenda kwa ajili ya fasihi. Katika ukumbi wa chuo palikuwa na kongamano la waandishi, na mlangoni palikuwa na daftari la mahudhurio. Kwenye safu ya "Taasisi" Anuar aliandika "Inakuja", akapewa beji, kalamu na tiketi ya chakula.

Alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita. Aliwahi kuwatembeza wageni Mji Mkongwe na kuwaonesha dirisha alilochungulia binti wa mfalme ambaye hakuwa na binti. Aliwahi kuuza mafuta ya karafuu ambayo yalikuwa mafuta. Aliwahi kuwa wakala wa boti iliyokuwa bado haijaundwa. Hakuna mteja aliyewahi kumtukana usoni, kwa kuwa kila mteja alipogundua, Anuar alikuwa ameshahamia kazi nyingine.

Alipofika kwenye kipande cha pili cha nyama, alianza kusikia yanayosemwa. Meza nzima ilikuwa ikilalamika. Mmoja mswada wake uko Dar es Salaam mwaka wa tatu, kimya. Mwengine alijibiwa kwamba aongeze kurasa mia, akaziongeza, akajibiwa kwamba kitabu ni kirefu.

"Na wewe, Mwalimu?" aliulizwa mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba, ambaye mpaka hapo alikuwa akila tu.

"Mimi walinijibu baada ya miaka sita," akasema. "Waliniita Bwana Wanu. Wakasema mashairi yangu wameyapenda, ila hayana vina."

"Lo. Hayana?"

"Sikupeleka mashairi. Nilipeleka riwaya."

Anuar aliacha kula, jambo ambalo halikuwa na mfano katika historia yake. Alitazama ukumbi. Palikuwa na watu kama mia, kila mmoja ana mswada, na hakuna mwenye kitabu. Katika maisha yake ya kazi alikuwa amehangaika sana kuwatia watu hamu ya vitu wasivyovihitaji. Hapa hamu ilikuwa tayari imeshaiva, imekaa vitini, ina beji.

Akafuta vidole. "Mwalimu," akasema, "mimi ni mchapishaji."

"Wa wapi?"

"Zanzibar, Dar na Muskat."

Wiki iliyofuata jambo hilo likawa kweli, kwa kipimo chake. Alipanga chumba Hurumzi, ghorofa ya pili, juu ya duka la kofia. Alitia viti viwili, meza, na rafu ya vitabu vinene alivyovinunua kwa uzito. Vyote vilikuwa vya Kitaliana na vilihusu maradhi ya ng'ombe. Mlangoni aliandika NYUMBA YA UCHAPISHAJI MARIJANI. Tawi la Muskat lilikuwa namba ya simu ya shemeji yake, ambaye aliagizwa aseme "Naam, uchapishaji" kabla ya kusema jengine lolote.

Mpango wa awali ulikuwa mdogo na wa heshima: kuwatoza waandishi ada ya kusomwa, ada ya kusahihishwa, ada ya jalada na ada ya kuandikishwa kwa ada, kisha kuhama. Kilichouharibu ni bahati nzuri. Hoteli moja ya Kendwa ilikuwa imepata mwenye mali mpya, na mwenye mali huyo alitaka kila chumba kiwe na riwaya ya Kizanzibari kando ya kitanda. Msimamizi wa manunuzi, Bi Nassra, aliona jina la Marijani mtandaoni, akapiga simu.

"Wageni wenu wanajua Kiswahili?" Anuar aliuliza.

"Wanajua neno 'jambo' tu. Hawatasoma, watapiga picha. Kitabu, kikombe cha kahawa, pazia nyuma. Jalada liwe buluu, mapazia yetu ni buluu. Riwaya mliyonayo inahusu nini?"

"Bahari," alisema Anuar, ambaye hakuwa na riwaya.

"Na karafuu?"

"Zinaanikwa ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho."

"Nnataka vitabu mia tatu. Mkishaleta, nnalipa siku hiyo hiyo. Lakini namlipa mchapishaji mwenyewe, kwa mkataba ninaouona kwa macho, na mtunzi aje atie saini nakala. Hatununui kitu cha kuiba."

"Bi Nassra, umenena lugha yangu."

Alipokata simu, Anuar alijua anachohitaji: riwaya moja iliyokwisha, na mwenye riwaya atakayesaini kwamba kila kitu ni cha Marijani. Akamkumbuka mama wa miwani ya kamba.

Mwalimu Wanu Ame alizaliwa Nungwi, akafundisha Kiswahili miaka thelathini na mmoja, na alipostaafu alikuwa akikaa Kikwajuni na kusahihisha mitihani. Riwaya yake iliitwa *Posa Saba za Bi Sichana*. Ilimhusu mwanamke anayeposwa mara saba na kukataa mara saba, kila mara kwa sababu inayoelezeka. Ilimchukua miaka kumi na mmoja. Katika mkoba wake alikuwa na daftari, na ukurasa mmoja wa daftari hilo ulipigwa mstari katikati: upande huu "Kampuni", upande huu "Mwenyewe". Alilolitaka lilikuwa moja, kitabu kitoke na kiwe chake. Alijua pia linaloweza kumpata. Akisaini mahali pasipo pake, miaka kumi na mmoja itakuwa mali ya mtu mwengine, na yeye hatakuwa na ruhusa ya kuchapa hata ukurasa wa yaliyomo.

Kwa mwito wa Anuar, alipanda ngazi za Hurumzi siku ya Jumatatu, asubuhi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ngazi zako hizi mtu atavunjika mguu."

"Za kihistoria hizo. Hawaruhusu kuzigusa."

Mwalimu alitazama rafu, akachomoa kitabu, akakuta ng'ombe, akakirudisha. Kisha akakaa na kufungua daftari.

"Nna maswali matatu. La kwanza, nani atasahihisha?"

"Jopo."

"Jopo la nani?"

"La wataalamu. Wako Muskat."

Akaandika. "La pili. Nani atauza?"

"Mtandao wetu."

"Mtandao gani?"

"Wetu, Mwalimu. Mpana."

Akaandika. "La tatu. Mimi ntalipa nini?"

Hapa, siku nyingine yoyote, Anuar angefungua mtoto wa meza na kutoa orodha ya ada. Lakini aliifikiria Kendwa, na aliona kwamba huyu mama akitajiwa ada ataondoka na riwaya yake.

"Hulipi kitu," akasema. "Kuchapa, kubeba, kufikisha, yote juu yetu. Mchapishaji wa kweli hamtozi mtunzi."

Alijisikia akisema hivyo na akaingiwa na hofu kidogo, kwani hiyo ilikuwa sentensi ya kwanza ya kweli kutamkwa katika ofisi ile.

"Hapo ndipo penye tabu," alisema Mwalimu. "Kampuni isiyonitoza itataka kitabu kiwe chake. Mimi nshakata shauri, mwanangu. Nnajichapishia mwenyewe. Ninachokitafuta ni mtu wa kunipigia chapa tu."

"Ndiyo hayo hayo."

"Siyo hayo hayo."

"Kuchapa, kuchapisha, kupiga chapa, mwisho wake kitabu kinatoka. Tusigombane kwa herufi, Mwalimu."

Mwalimu Wanu alimtazama kama alivyozoea kumtazama mtahiniwa anayetoka nje ya mtihani baada ya robo saa.

"Nnasema mara ya pili, na ya tatu sisemi. Mimi ndiye ninayechapisha. Wewe utachapa, kwa gharama yako, kama ulivyosema mwenyewe sasa hivi. Umekubali?"

"Nimekubali, Mwalimu, nimekubali," alisema Anuar, huku akimwandikia Bi Nassra ujumbe chini ya meza.

"Na wewe utapata nini?"

"Jina. Jina la nyumba litajulikana."

Mwalimu akaandika "jina", akapiga mstari chini yake.

Isidhaniwe kwamba Anuar alikuwa mjinga. Kwa hesabu yake, mama aseme atakavyo, kitakachohukumu ni karatasi, na karatasi ataitengeneza yeye. Tabu ni kwamba hakuwahi kutengeneza mkataba wa kitabu, na maishani mwake alikuwa na mkataba mmoja tu, ule wa kupanga chumba alichokalia. Aliupiga picha, akaugeuza kuwa maandishi, akaiamrisha simu: penye *nyumba* weka *kitabu*, na penye *pang* weka *chap*.

Simu ilitii kwa ukamilifu. Mpangishaji akawa mchapishaji, na Anuar alipoliona neno hilo limekaa juu ya ukurasa kwa herufi kubwa, alifurahi, akaacha kusoma. Hakufika pale ambapo mpangaji alikuwa mchapaji. Hakuona kwamba mchapaji haruhusiwi kufuga mbuzi ndani ya kitabu, kwamba kitabu kitapakwa chokaa kila baada ya miaka miwili, wala kwamba pakitokea mgogoro pande mbili zitakaa kitako na kufanya michapo. Mkataba kwake ulikuwa kama kanzu ya Idi. Kinachotazamwa ni kunyooka.

Alimpelekea Mwalimu karatasi hizo zikiwa na nafasi mbili tupu za majina, ili mama asijihisi amelazimishwa. Baada ya siku tatu Mwalimu alirudi nazo Hurumzi. Zilikuwa na masahihisho arubaini na moja kwa wino mwekundu, na pembeni nakala safi aliyoipiga mwenyewe.

"Nimerekebisha tahajia na upatanisho wa ngeli," akasema. "Vifungu sikuvigusa, ni vyako. Cha mbuzi nimekiacha, maana sikuona kosa la sarufi. Na majina nimeyajaza, kama tulivyokubaliana."

"Mwandiko wako mzuri, wangu unatia aibu."

"Soma kwanza."

"Mwalimu, mimi siku nzima nnasoma. Macho yanauma."

"Soma kifungu cha kwanza tu."

"Nnakiamini kifungu cha kwanza."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Basi twende kwa sheha," akasema.

Sheha aliusoma mkataba wote, kwa kidole, mstari kwa mstari. Aliuliza swali moja tu, nalo lilikuwa la mbuzi. Alipojibiwa kwamba hakuna upande wenye mbuzi aliridhika, akashuhudia saini, akagonga muhuri. Anuar alitoka pale akipiga mluzi.

Ilibaki kuchapa. Mwenye mashine ya chapa, Mwembeladu, hakuwa mtu wa ahadi; alitaka apewe chake kabla ya kuwasha. Kwa mara ya kwanza Anuar alijikuta ndani ya biashara ambayo anayetoa ni yeye. Aliwaza siku mbili. Kisha akauza skuta yake, kwa sababu hoteli italipa mara tano ya gharama, na mtu anayekwenda kupata mara tano hababaishwi na skuta. Mwalimu alikwenda Mwembeladu kila siku, akasoma kurasa zikiwa bado moto, akakamata makosa tisa. Jalada likatoka buluu.

Jumamosi, saa nne za asubuhi, gari ya mizigo iliwashusha Kendwa pamoja na maboksi kumi. Ni njiani tu ndipo Anuar alipomweleza Mwalimu kuhusu hoteli, na alimweleza kwa ufupi: kuna watu wanataka saini yako, utakunywa chai, utatazama bahari.

"Na malipo?" aliuliza Mwalimu.

"Yanakwenda kwa mchapishaji. Ndivyo mkataba unavyosema."

"Kweli," alisema Mwalimu. "Kifungu cha pili."

Anuar alistaajabu kidogo kwa utulivu ule, lakini barabara ilikuwa mbovu na alikuwa ameyashika maboksi.

Bi Nassra alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye ushungi uliobanwa kwa pini tatu na tabia ya kusoma kila kinachowekwa mbele yake. Alikilinganisha kitabu na pazia. Alihesabu maboksi. Kisha akanyoosha mkono. Anuar akauweka mkataba katika mkono ule kama mtu anayetoa pete.

Bi Nassra alisoma ukurasa wa kwanza. Alirudi juu, akausoma tena. Akavuta kompyuta.

"Vizuri. Nnaingiza malipo ya mchapishaji," akasema. "Jina kamili kama lilivyo benki?"

"Anuar Mabrouk," alisema Anuar.

"Nimemuuliza Bi Wanu."

"Wanu Ame Ubwa," alisema Mwalimu, na akatoa mkobani kikaratasi chenye namba ya akaunti.

Nje mtu alikuwa akifagia mchanga.

"Dada Nassra," alisema Anuar kwa upole mkubwa, "hapo pana kosa dogo. Mchapishaji ni mimi."

"Hapa pameandikwa wewe ni mchapaji."

"Si ndiyo huyo huyo?"

"Mwalimu," alisema Bi Nassra, "huyu bwana ananiuliza mimi au anakuuliza wewe?"

Mwalimu Wanu alikiweka kikombe chake cha chai juu ya kisahani. Miaka thelathini na mmoja alikuwa amelifundisha somo hili kwa wanafunzi waliokuwa wakilala, na kamwe hakuwahi kupata msikilizaji aliye macho namna hii.

"Anuar, kile chumba cha Hurumzi umepanga?"

"Nimepanga."

"Kwa hiyo wewe ni nani pale?"

"Mpangaji."

"Na yule mwenye nyumba, anayepokea kodi?"

"Mpangishaji."

"Mpangaji na mpangishaji ni mtu mmoja?"

Mtu anaweza kuwa hakuwahi kusoma kitabu maishani mwake, lakini hakuna mtu wa Mji Mkongwe asiyejua tofauti hiyo. Kila mwezi huja kugonga mlango.

"Hapana," akasema Anuar.

"Basi."

Anuar aliuchukua mkataba, akausoma, safari hii wote. Kitabu na vyote vilivyomo ni mali ya mchapishaji. Malipo yote atapewa mchapishaji peke yake. Gharama zote ni juu ya mchapaji.

"Mwalimu, umenifanyia hila."

"Nilikwambia kwa mdomo mara mbili. Nikakwambia usome. Nikakupeleka kwa sheha. Hila hufanywa hivyo?"

"Lakini mimi nimeuza skuta."

"Skuta haimo kwenye mkataba."

"Nitakwenda mahakamani."

"Kabla ya hapo kuna kifungu cha tisa," alisema Bi Nassra, ambaye alikuwa bado anasoma juu ya bega la Anuar. "Pande mbili zikae kitako zifanye michapo. Mimi nna nafasi baada ya Adhuhuri, nitapenda kusikiliza. Lakini kwanza kifungu cha saba."

"Cha saba kinasemaje?"

"*Mchapaji atabeba mizigo mwenyewe mpaka chumbani.*" Akageuza karatasi ili aione. "Vyumba vyetu ni mia na ishirini. Viwili kila chumba, vilivyobaki maktaba. Na malipo ya Bi Wanu sitayaruhusu mpaka kazi ikamilike, maana mkataba ni mkataba."

Anuar alimtazama Mwalimu. Aliyatumia macho yote aliyokuwa nayo, ya yatima, ya mgonjwa, ya mtu aliyefiwa na skuta.

"Sikiliza, mwanangu," alisema Mwalimu. "Nilikuuliza utapata nini, ukasema jina. Fungua ukurasa wa pili."

Anuar akafungua. *Kimechapishwa na mtunzi*, ilisema, na chini yake, kwa herufi zinazosomeka vizuri: *Kimechapwa na Anuar Mabrouk, Hurumzi.* Hapakuwa na kosa la tahajia.

"Nikishalipwa hiki nitachapisha cha pili," alisema Mwalimu. "Utakuwa mchapaji tena, na safari hiyo utalipwa. Lakini utasoma mkataba."

Alibeba. Jua la Kendwa halina mzaha saa sita, na vyumba vya hoteli ile vilitawanywa bustanini kama vile aliyevijenga alikuwa akigombana na kila kimoja. Chumba cha kwanza mpaka cha arubaini alitukana. Cha arubaini na moja mpaka cha themanini alinyamaza. Chumba cha themanini na tatu kilikuwa na kipoza hewa, na hakikuwa na mgeni. Anuar aliviweka vitabu viwili kando ya kitanda, akakaa ukingoni kuvuta pumzi, na kwa kuwa simu yake ilikuwa imezima, alifungua kimoja.

Hapakuwa na bahari. Hapakuwa na hata karafuu moja. Palikuwa na bwana mmoja aliyekuja kuposa na kanzu iliyopigwa pasi, ambaye Bi Sichana alimuuliza maswali matatu, na mpaka ukurasa wa sita alikuwa hajajibu hata moja. Anuar aligeuza ukurasa. Aliingia mposaji wa pili, akapigwa vibaya zaidi.

Saadiya, mwanamke anayetandika vyumba vya upande ule, alimkuta amelala chali kwenye kitanda alichokitandika yeye asubuhi, viatu vimening'inia nje, kitabu kimemfunika uso.

"Kaka, humu hakukaliwi. Wewe nani?"

"Mchapaji."

"Nani?"

"Wa hiki kitabu."

Saadiya alibadilisha sauti. Aliishika shuka aliyokuwa anataka kuivuta, akaiachia. "Kumbe wewe ndiye mchapishaji. Samahani, bosi. Nikuletee maji?"

Anuar alikitoa kitabu usoni. Chumba kilikuwa na baridi ya raha, maji yangekuja na barafu, na mwanamke huyu alikuwa tayari kuamini lolote. Ilikuwa nafasi ndogo, safi, isiyo na shahidi.

"Mchapaji," akasema. "Sikiliza vizuri, dada, hapo katikati umetia silabi ya ziada. Mchapishaji yuko kwa Bi Nassra, anakunywa chai." Akakirudisha kitabu machoni. "Naondoka. Niko posa ya nne, huyu naye anataka kusaini bila kusoma."